Gloriosa, skadoksi au nifofia: ua lipi la porini litadumu bustanini kwako?

Maua haya matatu huchaguliwa kwa macho. Mtu huona gloriosa imechanua, petali nyekundu zenye ukingo wa manjano zimejikunja juu kama ndimi za moto, akaipenda, akatafuta kiazi chake, akapanda. Msimu wa kwanza unapendeza. Msimu wa pili hakichipui kitu, na akifukua anakuta ute mweusi unaonuka. Si wadudu wala jua: mmea umeoza ukiwa umelala.

Kwa hiyo rangi tuiache kwanza. Mimea yote mitatu ni ya Afrika, yote huishi miaka mingi, na kila mmoja una ghala lake chini ya ardhi. Kinachoitofautisha hasa ni mahitaji ya ghala hilo katika miezi ambayo juu ya udongo hakuna cha kutazama, au yapo majani tu.

Gloriosa ni Gloriosa superba, mtambaazi ambao ndio ua la taifa la Zimbabwe. Skadoksi ni Scadoxus multiflorus, ule mpira mwekundu wa maua unaochomoza ghafla mvua zinapoanza, pengine kabla hata ya majani. Nifofia ni jenasi nzima, Kniphofia, yenye spishi 70 hivi. Inayouzwa zaidi ni Kniphofia uvaria ya Afrika Kusini pamoja na machotara wake, ilhali Kniphofia thomsonii humea porini kwenye milima ya Afrika Mashariki na Ethiopia. Shina lake husimama kama mwenge: vichipukizi vyekundu juu, maua yaliyokwisha kufunguka, ya manjano, chini.

| | Gloriosa | Skadoksi | Nifofia |
|---|---|---|---|
| Ghala | kiazi chenye umbo la V | tunguu linalofanana na kitunguu | rizomu nene, kama ya tangawizi |
| Urefu | m 1 hadi 2.5, hutambaa | sm 30 hadi 60 | sm 60 hadi 120 |
| Mwanga | jua juu, ubaridi mizizini | kivuli chepesi | jua kamili, saa 6 au zaidi |
| Kina cha kupanda | sm 5 hadi 10 | shingo usawa wa udongo | taji (pale majani yanapoanzia) usawa wa udongo |
| Nafasi | sm 20 hadi 30 | sm 20 hadi 30 | sm 45 hadi 60 |
| Wakati wa kulala | hukauka yote | majani hukauka | mara nyingi hubaki na majani |
| Mbegu hadi ua | miaka 2 hadi 4 | miaka 3 hadi 5 | miaka 2 hadi 3 |
| Sumu | kali mno | kali | haihesabiwi mmea wa sumu |

Anza na mstari wa mwisho

Kama nyumbani kuna mtoto anayetia kila kitu mdomoni, au mbuzi na mbwa wanaofukua, uamuzi umekwisha: panda nifofia.

Gloriosa ina sumu iitwayo kolkisini katika kila sehemu, na nyingi zaidi imo kwenye kiazi na mbegu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba kiazi hicho hufanana na chakula. Huko Sri Lanka wapo waliougua, na wengine kufa, kwa kukipika wakidhani ni kiazi cha kawaida. Dalili hazianzi papo hapo. Hupita saa kadhaa, kisha huja kutapika, maumivu ya tumbo na kuharisha kama ugonjwa wa chakula kibovu, na baadaye figo, uboho na viungo vingine huharibika. Aliyeonja asingojee dalili. Apelekwe hospitali mara moja na kipande cha mmea kibebwe pamoja naye. Usiipande kamwe kwenye tuta moja na viazi vitamu, viazi vikuu au tangawizi, hata kama wewe unazitofautisha vizuri. Atakayechimba mwaka ujao huenda asiwe wewe.

Skadoksi ina alkaloidi (kemikali zenye sumu) za jamii yake, ikiwemo likorini, na tunguu lake limetumika sehemu mbalimbali za Afrika kutengeneza sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Lakini hutofautiana na gloriosa kwa jambo moja la nyumbani: matunda yake madogo mekundu huvutia macho ya watoto. Kama huhitaji mbegu, kata shina mara tu maua yanaponyauka.

Vaa glavu unaposhika viazi vya gloriosa na matunguu ya skadoksi, na kisu ulichokitumia kisirudi jikoni.

Miezi ya usingizi

Kiazi cha gloriosa hakiongezeki ukubwa mwaka hadi mwaka kama watu wanavyodhani. Kila msimu kile cha zamani hunyonywa hadi kikabaki ganda, na mmea hujenga kipya kando yake, chenye mikono miwili. Kwa hiyo mmea uliokosa majani mapema, kwa kukatwa au kuliwa na viwavi, huingia usingizini na kiazi kidogo, na mwaka unaofuata utatoa majani tu. Majani yakianza kuwa ya manjano, punguza maji. Yakikauka, acha kumwagilia kabisa kwa miezi 3 hivi. Ardhi ikiwa kavu na yenye joto, kiazi kitalala salama humo humo. Ikiwa na baridi au majimaji, kichimbe na ukihifadhi ndani ya mchanga mkavu au vumbi la mbao, mahali penye hewa na joto lisiloshuka chini ya nyuzi 10. Kabla ya kukifunika, kiache siku 2 au 3 kivulini ili michubuko ikauke, maana ukungu huingilia hapo.

Skadoksi nayo hutaka ukavu inapolala, ila si ukavu wa jangwani. Ikiwa kwenye chungu, maji kidogo mara moja kwa mwezi yanatosha kuzuia mizizi yake minene isisinyae. Mizizi hiyo haifi yote kila mwaka, na ndiyo sababu mmea huu unachukia kuhamishwa. Ukilichimba tunguu na kulianika kama kitunguu cha kupika, kuna uwezekano mkubwa lisichanue msimu unaofuata.

Nifofia ni kinyume chake. Hailali kwa maana hiyo. Hupumzika kidogo, na rizomu yake haijajengwa kukaa kavu miezi mitatu. Porini nyingi humea kando ya vijito na kwenye mabonde yenye unyevu. Inachokataa ni maji yaliyotuama kwenye taji, pale majani yanapoanzia, hasa wakati wa baridi.

Sasa tazama bustani yako. Je, kuna nyasi zinazomwagiliwa mwaka mzima karibu na mahali unapotaka kupanda? Kama ndiyo, gloriosa na skadoksi zitaoza hapo, na hakuna dawa ya kuvu itakayoziokoa. Hapo panda nifofia, au weka hizo mbili kwenye vyungu unavyoweza kuvihamisha wakati wa usingizi. Kama bustani haipati tone miezi ya kiangazi na wewe huna muda wa kumwagilia, nifofia ndiyo itakayoteseka.

Udongo nao upimwe kabla ya kununua chochote. Chimba shimo la sm 30 kwa kina na upana, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha pima yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sm 2.5 kwa saa, inua tuta kwa sm 20 hadi 30 ukitumia udongo tifutifu sehemu 2, mchanga wa chembe kubwa sehemu 1 na mboji sehemu 1. Kuchanganya mchanga kidogo tu kwenye mfinyanzi hakusaidii. Mara nyingi unapata kitu kigumu kuliko mwanzo.

Mahali na kupanda

Gloriosa hutaka kichwa juani na miguu kivulini. Mpangilio mzuri ni kuipanda nyuma ya kichaka kifupi ili shina lipande juu yake, au kufunika shina kwa matandazo ya sm 5. Kosa la kawaida ni kuipa nguzo. Gloriosa haijisokoti kwenye mti kama maharage. Hupanda kwa ncha za majani, ambazo hurefuka na kujizungusha kama nyuzi, na ncha hizo haziwezi kushika kitu kinene kuliko penseli. Nguzo ya mwanzi bila kitu kingine itaachwa, na shina litaanguka na kuvunjika. Tumia wavu, waya mwembamba au matawi makavu yenye vijiti vingi, urefu wa m 1.5 hadi 2, na uvisimike siku ile ile ya kupanda. Ukichokoa baadaye utakivunja kiazi.

Kiazi hulazwa ubavu, kina cha sm 5 hadi 10. Kila mkono wa ile V una jicho moja tu, kwenye ncha. Kiazi kikivunjika katikati, kwenye kiungo, una mimea miwili. Mkono ukivunjika ncha, kwa kawaida hautachipua tena hata ukiwa mnene kama mhogo. Kwa hiyo kibebe kama yai. Mwagilia mara moja baada ya kupanda, kisha ngoja. Kuchipua huchukua wiki 2 hadi 6 kutegemea joto, na maji mengi kabla ya chipukizi kuonekana ndiyo sababu ya pili ya kuoza, ikifuata unyevu wa miezi ya usingizi.

Skadoksi ni ya chini ya miti. Jua la asubuhi halina neno, la mchana huchoma majani yake mapana mpaka yakawa na mabaka ya kahawia. Shingo ya tunguu ibaki usawa wa udongo au ionekane kidogo. Ukilizika sm 10, nguvu zinaishia kupandisha majani. Kwenye chungu chagua chenye nafasi ya vidole viwili tu kuzunguka tunguu, kwa sababu huchanua vizuri likiwa limebanwa, na usilihamishe kabla ya miaka 3. Ni mmea wa mtu anayejua kuacha vitu vilivyo.

Nifofia haina mengi. Tandaza mizizi kwenye shimo pana, taji likae usawa wa udongo, shindilia kwa mikono, mwagilia lita 5 hivi, na uendelee mara 2 kwa wiki hadi jani jipya litoke katikati. Usirundike matandazo juu ya taji. Kwenye nyanda za chini zenye joto na unyevu usitegemee makubwa kutoka kwa nifofia: itatoa majani mengi na miali (mashina ya maua) michache. Hiyo ni sababu tosha ya wakazi wa huko kuiacha na kuchukua gloriosa, ambayo joto ndilo linaloiamsha.

Utapata ua la muda gani?

Skadoksi hutoa mpira mmoja kwa tunguu, upana wa sm 15 hadi 25, wenye maua madogo yanayoweza kufika 200. Unadumu wiki 1 hadi 2, na hapo sherehe imekwisha mpaka mwaka ujao, ingawa majani hubaki mazuri hadi mwisho wa mvua. Mpira mmoja peke yake huonekana kama umepotea njia. Panda matunguu 5 au 7 pamoja.

Gloriosa huanza kuchanua miezi miwili hivi baada ya kuchipua, na hutoa ua moja moja kuelekea ncha ya shina kwa wiki kadhaa. Kila ua huanza na kijani-manjano, kisha wekundu huenea siku hadi siku, hivyo shina moja huwa na rangi zote kwa pamoja. Ukitaka ya kukata kwa ajili ya chombo, hili ndilo, lakini kata ua na kikonyo chake tu. Kila jani unaloondoa limepunguza kiazi cha mwakani.

Nifofia iliyokomaa hutoa miali kadhaa kwa mfuatano, kila mmoja ukichanua kutoka chini kwenda juu. Ndege aina ya chozi wataufuata kila siku. Kata mwali uliokwisha karibu kabisa na shina lake, na huenda mwingine ukachomoza.

Mbolea isizidi. Kwa gloriosa, naitrojeni nyingi, kama samadi mbichi au urea, hutoa shina refu lenye majani na bila ua. Mboji ndoo moja kwa mita 1 ya mraba wakati wa kupanda, na mbolea yenye potasiamu zaidi ya naitrojeni pindi vichipukizi vinapoonekana, inatosha. Skadoksi hulishwa wakati ina majani, si wakati ina ua, kwa sababu mpira unaouona leo ulijengwa na majani ya mwaka jana. Nifofia huridhika na sm 3 za mboji kuzunguka, mara moja kwa mwaka.

Kuzizalisha

Hapa nifofia inashinda bila ubishi. Kila baada ya miaka 4 au 5, maua yanapokwisha, chimba shina lote, ligawe kwa kisu kikali katika vipande vyenye machipukizi 2 au 3 na mizizi yake, kata majani yabaki sm 15, na upande siku hiyo hiyo. Mbegu zake nazo huota, baada ya kukaa wiki 4 hadi 6 kwenye friji ndani ya mchanga wenye unyevu kama ni uvaria, lakini nifofia zilizopandwa karibu huchanganyika ovyo, na mtoto huenda asifanane na mzazi.

Gloriosa hujigawa yenyewe kwa ile mikono miwili. Mbegu zake nyekundu huota polepole na kwa kupishana, nyingine baada ya wiki 3, nyingine baada ya miezi 3, kwa hiyo usiutupe udongo wa kitalu mapema. Ukiona haitoi matunda, tazama umbo la ua: kishikio cha stigma (sehemu inayopokea chavua) kimekunjwa pembeni, mbali na chavua. Chukua chavua kwa brashi laini asubuhi, paka kwenye ncha ya kishikio hicho. Katika nchi ambako si mmea wa asili, kwanza uliza kama inaruhusiwa: kwenye vilima vya mchanga vya pwani ya mashariki ya Australia imegeuka gugu.

Mbegu za skadoksi hazihifadhiki. Tunda likiwa jekundu na laini, kamua, osha nyama yote, na ulaze mbegu juu ya mchanga wenye unyevu bila kuifukia. Kwanza hushuka mzizi, kisha hujengwa tunguu dogo, jani huja baadaye. Wengi hukata tamaa hapo katikati na kumwaga kila kitu.

Zinavyoharibika

Majani ya skadoksi yakitobolewa na kisha kuliwa hadi chini ndani ya siku mbili tatu, tafuta kiwavi cheusi chenye madoa meupe au ya manjano, Brithys crini. Hula jamii hii ya mimea na huweza kushuka hadi ndani ya tunguu. Okota kwa mkono jioni na asubuhi. Ukichelewa, dawa ya Bacillus thuringiensis (bakteria wanaoua viwavi) hufaa kwa viwavi wadogo tu. Madoa mekundu-kahawia yanayopasuka kwenye majani na shina ni kuvu: kata sehemu iliyougua, acha kumwagilia juu ya majani. Unga mweupe kati ya magamba ya tunguu ni vidugamba, na hufutwa kwa pamba iliyolowa spiriti.

Gloriosa iliyonyauka ghafla huku udongo ukiwa na maji imeoza chini. Fukua, kata hadi kwenye nyama nyeupe ngumu, acha ikauke, na kama jicho lipo zima, jaribu tena kwenye mchanga mkavu. Vidukari hukusanyika kwenye ncha laini. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha.

Nifofia yenye majani yaliyogeuka rangi ya fedha ina thripsi, wadudu wadogo mno. Ile ambayo katikati yake imekuwa na uwazi na miali imepungua haina ugonjwa wowote: imezeeka na inataka kugawanywa. Konokono hujificha mchana kwenye makwapa ya majani yake, na ukiipanda jirani na skadoksi, usiku watavuka kwenda kula chipukizi la mpira kabla hujaliona. Tenganisha kwa mita mbili au kagua kwa tochi.

Siku ya kununua

Nunua kitaluni, si kutoka kwa mtu aliyechimba msituni. Tunguu la skadoksi lililong'olewa porini mara nyingi limepoteza mizizi, na huenda ukangoja misimu miwili bila ua. Gloriosa inunue ikiwa imelala. Bonyeza kiazi: kiwe kigumu, kizito, na ncha isiyo nyeusi wala iliyochubuka. Kidogo kuliko kidole chako kitakupa majani tu mwaka wa kwanza, kwa hiyo usikilipie kama kikubwa. Skadoksi inunue ikiwa chunguni na majani, au ikiwa na mizizi minene iliyo hai. Geuza tunguu utazame kitako, ambapo doa laini la kahawia ni sababu ya kulirudisha. Nifofia yoyote yenye jani jipya la kijani katikati inafaa, hata kama majani ya nje yamekauka. Yang'oe tu, uipande kabla mizizi haijakauka.